Sakafu ya Mbao katika Chumba Kidogo: Unyevu wa Hewa na Hesabu ya Mwanya

Mkulima wa Bonde la Kilombero akiona kwamba jembe lake linalegea katika mpini mwezi wa Septemba, hana haja ya kulipeleka kwa fundi. Jioni hulitumbukiza katika ndoo ya maji, na kunapokucha hulikuta limeshika barabara, kwa kuwa mti wa mpini umevimba ndani ya tundu la chuma. Mvuvi wa bonde hilo hilo hulifahamu jambo lile lile kwa upande wake wa pili: mtumbwi uliopandishwa ukingoni na kuachwa juani majuma kadhaa hupata nyufa, na ukirudishwa majini nyufa ndogo hujifunga zenyewe. Watu hawa wawili wanaijua kanuni ambayo makala hii itaieleza. Lililobaki ni kuitia katika tarakimu, kwani mtu anayetaka kutandika sakafu ya mbao nyumbani mwake pasipo tarakimu hizo aweza kupoteza mbao, fedha, na pengine hata matumizi ya chumba chenyewe, kama ilivyonipata mimi.

Bonde la Kilombero ni mahali panapofaa sana kwa somo hili. Liko kati ya safu ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki, na mto wake huungana na Luwegu kuufanya Mto Rufiji. Uwanda wake wa mafuriko uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Masika hapa si jambo la kupita: maji hupanda, udongo hulewa, na hewa ya ndani ya nyumba hubaki na unyevu mwingi kwa miezi. Kisha huja kiangazi, na ardhi ile ile hupasuka mipasuko. Mbao iliyowekwa ndani ya nyumba ya Ifakara huishi katika hali hizo mbili kila mwaka.

Pia bonde hili lina mbao. Tangu kampuni ya Kilombero Valley Teak ilipoanzishwa mwaka 1992, mitiki imepandwa katika maelfu ya hekta za wilaya za Kilombero na Ulanga. Mti huu, ambao asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, uliletwa nchini na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Seremala wa Ifakara aliyezoea mninga, mvule na mkangazi sasa hukutana na mtiki mara kwa mara, na ni juu ya mtiki kwamba hesabu zetu zitafanywa.

Chumba cha Kivukoni

Nyumba ninayoizungumzia ipo Kivukoni, mahali palipopata jina lake kutokana na kivuko cha Mto Kilombero. Kwa miaka mingi watu na magari walisubiri hapo ili wavushwe kwenda Ulanga, hadi daraja la mita 384 lilipozinduliwa mwaka 2018. Chumba chenyewe ni kidogo: upana mita 3, urefu mita 3.6. Sakafu yake ilikuwa ya saruji. Mama yangu, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, alilalamika kwamba saruji ile humpanda miguuni alfajiri, nami nikaamua kumtandikia mbao.

Nilifanya kazi hiyo kwa kufuata kitabu nilichokuja nacho kutoka Ulaya, nilikosomea. Kitabu kiliagiza kwamba mbao za sakafu zikaushwe tanurini hadi unyevu wa asilimia 8, zitandikwe zikiwa zimebanana, na ziachiwe mwanya wa milimita 10 kila upande wa ukuta. Nikaagiza mbao za mtiki zikaushwe vivyo hivyo. Mzee fundi aliyenisaidia aliugonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, akaulamba kwa ncha ya ulimi, kisha akasema, "Dokta, ubao huu una kiu." Nikacheka. Tukatandika mwezi wa Oktoba, na chumba kikapendeza kweli kweli.

Mwezi wa Aprili nilipigiwa simu kwamba mlango haufunguki. Nilipofika nilikuta sakafu imeinuka katikati kama mgongo wa kobe, plasta imepasuka chini ya dirisha, na misumari imeng'oka. Mama alilala sebuleni hadi Julai. Hakunilaumu; aliniuliza tu, "Mwanangu, huko ulikosoma mvua hazinyeshi?" Swali hilo, kama tutakavyoona, lilikuwa la kisayansi kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Maji yakaapo ndani ya mti

Mti ulio hai umejaa maji. Maji hayo yamo katika sehemu mbili, na yafaa wanafunzi wazitofautishe tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza ni maji huru, yaliyomo katika uwazi wa ndani ya seli kama maji yaliyomo chupani. Sehemu ya pili ni maji fungamani, yaliyonaswa katika kuta zenyewe za seli. Ubao unapoanza kukauka hutoka kwanza maji huru, na kutoka kwake hakubadili ukubwa wa ubao hata kidogo. Ni uzito tu unaopungua. Maji huru yakiisha, ubao huwa na unyevu wa kadiri ya asilimia 30. Kuanzia hapo kila tone linalotoka hutoka katika kuta za seli, na ubao huanza kunywea.

Kiasi cha unyevu hupatikana hivi: pima uzito wa kipande cha ubao, kikaushe kabisa katika tanuri la maabara lenye joto la sentigredi 103 hadi uzito usipungue tena, kisha upime mara ya pili. Tofauti ya mizani hizo mbili gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande chenye gramu 56 ambacho kikikauka huwa gramu 50 kina unyevu wa asilimia 12. Angalia kwamba mgawanyo ni kwa uzito mkavu, wala si kwa uzito wa kwanza. Wanafunzi wengi hukosea hapa, na hushangaa wanaposoma kwamba gogo bichi laweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100.

Sasa, kwa nini ubao huvimba kwa upana lakini hauongezeki urefu? Kuta za seli za mti zimejengwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za sukari iliyounganishwa. Minyororo hiyo hukusanyika kuwa nyuzi nyembamba mno, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo hulala karibu sambamba na urefu wa shina. Molekuli za maji hushikamana nazo kwa vifungo vya haidrojeni na kujipenyeza baina yao. Chukua mganda wa kindi zilizofungwa pamoja, kisha uchomeke majani mengine katikati: mganda utanenepa, lakini hautakuwa mrefu zaidi. Ndivyo ulivyo ubao. Kwa hesabu za sakafu, mabadiliko ya urefu twaweza kuyaacha.

Hata katika upana, mti haunywei sawasawa pande zote. Tazama mkato wa gogo la mtiki: utaona pete za ukuaji, zilizo dhahiri kwa sababu mti huu hupumzika wakati wa kiangazi. Mtiki ukikaushwa kutoka hali mbichi hadi ukavu kamili, hunywea kwa asilimia 5.8 ukifuata mzingo wa pete, lakini kwa asilimia 2.5 tu ukifuata nusukipenyo, yaani kutoka kiini kuelekea gome. Sababu mojawapo ni kwamba zipo seli zilizolala kutoka kiini kwenda nje kama spoku za baiskeli, nazo huzuia mti usijikunje upande huo.

Kutokana na hayo, mbao mbili zilizotoka katika gogo moja zaweza kuwa na tabia mbalimbali. Ikiwa pete zimelala sambamba na uso wa ubao, upana wake unafuata mzingo, nao utacheza sana. Ikiwa pete zimesimama wima kuelekea uso, upana unafuata nusukipenyo, na mchezo wake ni chini ya nusu. Anayenunua mbao na aangalie ncha za ubao kabla ya kuangalia rangi yake. Seremala wengi huko kwetu hulijua jambo hili, ila wanunuzi hatuwaulizi.

Hewa ndiyo mwenye amri

Ubao ukikaa katika hewa yenye unyevu wa kadiri fulani, utapokea au kutoa maji hadi ufikie kiwango ambacho haupokei wala hautoi. Tukiite kiwango hicho unyevu wa urari. Hutegemea hasa unyevuanga, yaani uwiano wa mvuke uliomo hewani na mvuke ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuubeba. Katika joto la sentigredi 27 hadi 30, unyevuanga ukiwa asilimia 50, urari wa mbao ni karibu asilimia 9. Ukiwa 60, ni kama 11. Ukiwa 70, ni kama 13. Ukiwa 80, ni kama 16. Na ukifika 90, urari hufikia asilimia 20. Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi wachore tarakimu hizo katika karatasi ya mraba. Wataona mchoro ukipinda kwenda juu: hatua ya mwisho, kutoka 80 hadi 90, huongeza maji mara mbili ya hatua ya kwanza.

Unyevuanga wenyewe si mgumu kupima. Chukua vipimajoto viwili, kimoja ukivishe kitambaa kilicholowa kwenye tungi, uvipepee vyote kwa kawa au gazeti mpaka zebaki itulie. Ikiwa kikavu chasoma 30 na chenye kitambaa chasoma 25, unyevuanga ni kama asilimia 67. Kikavu 30 na chenye kitambaa 28, ni kama 86. Kikavu 31 na chenye kitambaa 22, ni kama 45 tu. Pima alfajiri, adhuhuri na usiku, kwa siku nyingi. Usomaji mmoja wa saa nane mchana haufai kitu, kwani ubao wa unene wa milimita 20 hauendi mbio na jua. Hufuata wastani wa majuma.

Hapo ndipo kosa la kitabu changu linapoonekana, au niseme kosa langu, maana kitabu kilisema kweli. Katika nchi za baridi, tuseme hewa ya nje wakati wa baridi ina joto la sentigredi 0 na unyevuanga wa asilimia 80. Hewa hiyo inaingia ndani na kupashwa hadi sentigredi 20. Kiasi cha mvuke hakikubadilika, lakini hewa yenye joto la 20 yaweza kubeba mvuke karibu mara nne ya hewa ya 0. Kwa hiyo unyevuanga wa ndani huporomoka hadi kama asilimia 21. Mapishi, ufuaji na pumzi za watu huuinua kidogo, lakini nyumba hubaki kavu, na urari wa mbao hushuka hadi asilimia 6 au 8. Wenzetu hao huagiza mbao kavu sana kwa sababu majira yao ya baridi huzikausha sakafu zao kuliko majira yao ya joto. Nyumba ya Kivukoni haiwashi tanuri. Madirisha yake hukaa wazi, na hewa iliyo juu ya mto ndiyo hewa ya ndani.

Tuweke hesabu mezani. Mtiki hunywea asilimia 5.8 kwa kupoteza unyevu wa asilimia 30 hivi, basi kwa kila asilimia moja ya unyevu mabadiliko ni 5.8 gawanya kwa 30, yaani kama asilimia 0.19 ya upana. Mbao zangu zilitandikwa zikiwa na unyevu wa 8. Tuseme masika yalizifikisha 16. Tofauti ni 8. Upana wa chumba ni milimita 3000. Zidisha 3000 kwa 0.0019, kisha kwa 8: jawabu ni milimita 45 na nusu. Nami nilikuwa nimeacha milimita 10 huku na 10 kule, jumla 20. Milimita 25 na zaidi hazikuwa na pa kwenda.

Mtu atasema, milimita 25 ni nini? Ni upana wa vidole viwili visivyo vinene. Lakini hebu tumwite Pithagorasi. Tuseme sakafu imevunjika katikati na kuinuka kama paa la nyumba. Kila nusu ilikuwa milimita 1500, sasa imekuwa kama 1513. Tunayo pembetatu mraba ambayo kiegama chake ni 1513 na kitako chake ni 1500. Mraba wa 1513 ukitoa mraba wa 1500 ni 39,169, na kipeuo chake cha pili ni kama 198. Sakafu ingeinuka kwa sentimita 20 kamili! Yangu haikufika hapo. Iliinuka kwa kadiri ya nusu shubiri, kwa kuwa baadhi ya mbao zilikuwa zimepasuliwa kwa kufuata nusukipenyo, maungio yalijibana, na ukuta ulikubali kuumia kidogo. Hata hivyo wanafunzi wachache huamini jawabu hilo wanapolipata mara ya kwanza, na ni vema walikokotoe wenyewe kabla ya kuambiwa.

Kutandika upya

Mara ya pili tulianza chini, kwa sababu katika bonde hili maji hayatoki hewani tu. Udongo uliolowa hupeleka maji juu kupitia vinyweleo vya zege, kama utambi upelekavyo mafuta ya taa. Kabla ya kutandika chochote, tandaza juu ya saruji kipande cha plastiki cha mita moja ya mraba, ukibandike kingo zote kwa utepe, na ukiache usiku na mchana. Ukikikuta na matone upande wa chini, au saruji ikiwa imekuwa nyeusi, sakafu hiyo ingali inapumua maji. Zege jipya nalo lataka subira: mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo zege la milimita 100 si la kuguswa kabla ya miezi minne. Palipo na unyevu kutoka ardhini, plastiki nene isiyopungua robo ya milimita itandazwe chumba kizima, vipande vipandane kwa sentimita 20, na kingo zipande ukutani hadi usawa wa sakafu mpya.

Anayeidharau hatua hii ataiona dalili yake. Ubao unaolowa chini na kukauka juu huvimba upande mmoja, na kingo zake huinuka ili katikati pabaki bonde, mithili ya kigae cha paa kilichogeuzwa. Wengi huona hivyo wakakimbilia randa, wakazishusha zile kingo. Mbao zinapokauka hurudi kunyooka, na hapo kingo zilizorandwa huwa chini na katikati panakuwa na mgongo. Dawa ya ugonjwa huo iko chini ya ubao, si juu yake.

Juu ya plastiki huja mihimili midogo ya mbao, milimita 50 kwa 50, kwa umbali wa milimita 400 kutoka kati hadi kati, ikisawazishwa kwa pimamaji na vipande vyembamba vya mbao ngumu. Mihimili hii ipakwe dawa ya kuzuia mchwa, wala isigusane na udongo popote. Juu ya mchwa nina neno. Husemwa kwamba mtiki hauliwi. Ni kweli kwa kiini chake cha rangi ya dhahabu, ambacho kina kemikali, mojawapo ikiwa tektokwinoni, zinazowachukiza wadudu hao. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, na mti mchanga una sehemu nyeupe kubwa kuliko mti mkongwe. Ubao wenye ukingo mweupe ni chakula kama ubao mwingine wowote.

Mbao zenyewe tulizipanga chumbani majuma matatu, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, madirisha wazi kama yawavyo siku zote. Huku ni kuzizoesha nyumba. Tulipima vipande vitatu katika tanuri la maabara na kupata kama asilimia 13, nasi tukatosheka, kwa kuwa 13 iko kati ya kiangazi na masika. Ikiwa mtu hana budi kutandika wakati wa ukavu mkali, na aache mwanya mkubwa zaidi ukutani na upenyo wa unene wa kadi baina ya mbao. Akitandika wakati wa mvua na azibane, kwani zitaachana zenyewe.

Hesabu ya mwanya sasa ni rahisi. Kutoka 13 hadi 16 ni 3. Zidisha 3000 kwa 0.0019 kwa 3: ni milimita 17. Tuliacha 12 kila upande, jumla 24, ili zibaki chache kwa mwaka wenye mvua isiyo ya kawaida. Tulizilaza mbao kwa kufuata urefu wa chumba, mita 3.6, ili uvimbe ukusanyike katika upana wa mita 3 na si katika mita 3.6. Tulichagua mbao za upana wa milimita 80, zisizo pana. Jumla ya mabadiliko ya chumba haipungui kwa kutumia mbao nyembamba, lakini hugawanywa katika maungio mengi: ubao wa 80 ukikauka kwa asilimia 3 hufungua upenyo usiofika nusu milimita, ambapo ubao wa 200 hufungua zaidi ya milimita moja, na sarafu za wajukuu hupotelea humo.

Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Msumari hupigiliwa kwa mshazari katika ulimi tu, na ubao unaofuata huuficha. Sababu ya kupigilia upande mmoja si urembo peke yake. Ubao uliopigiliwa kingo zote mbili hauna ruhusa ya kunywea, na usiporuhusiwa kunywea hupasuka katikati. Mwisho, ubao wa kuzungushia chini ya ukuta hufunika mwanya. Nao hupigiliwa ukutani, kamwe usipigiliwe sakafuni. Mafuta au vanishi hupakwa juu, na tukapaka mkono mmoja upande wa chini pia kabla ya kutandika. Rangi yoyote haizuii unyevu, huuchelewesha tu. Lakini kuuchelewesha ni faida katika nchi yenye mvua za vipindi.

Kwa ajili ya darasa

Jaribio hili halihitaji chumba. Kata vipande vitatu kutoka gogo moja la mtiki au la mninga: kimoja chenye urefu wa milimita 100 kufuata mzingo wa pete, kimoja 100 kufuata nusukipenyo, na kimoja 100 kufuata urefu wa shina. Viloweke majini juma moja, vipime kwa kalipa, kisha vikaushe polepole, kwanza kivulini na baadaye tanurini, mkipima uzito na urefu kila siku. Chora urefu dhidi ya unyevu. Kwa siku kadhaa za mwanzo uzito utashuka wala urefu hautabadilika, na wanafunzi wataanza kunong'ona kwamba kalipa ni mbovu. Waache wanong'one. Grafu ikifika karibu na asilimia 30 itavunjika ghafla na kuteremka, nao wataziona kwa macho zile sehemu mbili za maji. Kipande cha tatu kitaendelea kuwa 100, au karibu sana na hapo. Wanaotumia mninga wafahamu kwamba mti huo husifika kwa kutulia, hivyo tofauti zao zitakuwa ndogo kuliko za mtiki, na kalipa yao na iwe nzuri.

Shule zilizo karibu na reli ya TAZARA, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, zaweza kwenda mbele zaidi kwa kuandika usomaji wa vipimajoto viwili kila siku kwa mwaka mzima, na kuning'iniza ubaoni kipande kimoja cha mtiki chenye uzito mkavu unaojulikana. Kipande hicho kikipimwa kila Jumatatu kitawapa unyevu wa urari wa mahali pao wenyewe. Tarakimu nilizotumia hapa, 11 kwa kiangazi na 16 kwa masika, ni za makadirio. Shule ya chini ya Udzungwa, ambako mvua ni nyingi, haitapata sawa na shule iliyo upande wa pili wa bonde, na fundi wa kila mahali anastahili tarakimu yake.

Katika chumba cha Kivukoni tumeacha kipande kimoja cha ubao wa ukutani, nyuma ya mlango, kikiwa kimeshikwa kwa skrubu mbili ili kiweze kuondolewa. Nikienda kumwamkia mama mwezi wa Aprili, na tena mwezi wa Oktoba, hukifungua na kuingiza rula. Mwaka wa kwanza mwanya ulisoma milimita 4 wakati wa masika na 17 wakati wa kiangazi. Mzee fundi huja kutazama, huinama kwa shida, na kabla sijasoma rula hutaja tarakimu yake. Hadi sasa hajakosea kwa zaidi ya milimita mbili.